Mkutubi si mtu aliyetubu

Leo kabla hatujaanza nina ombi moja dogo. Kama redio yako inapiga kelele sana, ipunguze kidogo. Si kwamba nina siri ya kukuambia. Ni kwa sababu leo tunakwenda maktaba, na huko, kama ujuavyo, hakuna anayepaza sauti.

Nianze kwa kukiri ujinga wangu wa utotoni. Nilipokuwa darasa la nne, tuliishi katika mji mmoja wa mkoani ambako baba alifanya kazi ya reli. Mji ule ulikuwa na maktaba, na ndani ya maktaba ile, juu ya meza iliyokuwa karibu na mlango, palikuwa na kibao kilichoandikwa MKUTUBI. Nyuma ya kibao alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Basi mimi neno kutubu nilikuwa nalijua vizuri, maana kila wiki tulihimizwa kutubu. Nikapiga hesabu zangu za kitoto, nikaona kwamba mkutubi ni mtu aliyetenda kosa kubwa na sasa anatubu. Nikamwonea huruma sana. Nikajiuliza mama wa watu alifanya nini hata akahukumiwa kukaa kimya tangu asubuhi mpaka jioni, bila hata redio.

Swali hilo lilinikaa rohoni karibu mwezi mzima. Siku nilipopata ujasiri wa kumwuliza, yule mama alicheka kwa nguvu hata wasomaji wakainua vichwa. Ilikuwa ndiyo kelele ya kwanza kuisikia ndani ya jengo lile, na ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mkono, kisha akanipeleka kwenye kamusi. Akanionyesha kuwa kitabu, katibu, maktaba na mkutubi ni watoto wa tumbo moja, wote wametokana na Kiarabu, katika mzizi wa maneno ya kuandika. Kutubu ni wa ukoo mwingine kabisa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo mwanangu, mimi sijatubu. Wewe ndiye utakayetubu ukichelewesha hicho kitabu.”

Tangu siku hiyo tukawa marafiki, ingawa ulikuwa urafiki wenye masharti. Mkoba uliachwa mlangoni. Mikono ilikaguliwa, mbele na nyuma, na msimu wa maembe ukaguzi ulizidi ule wa mpakani. Ukishapita hapo, unachagua vitabu vyako viwili, na yeye anagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha. Ko! Ko! Mpaka leo nikisikia fundi anagonga msumari taratibu, nakumbuka vitabu.

Lakini jambo lililonifanya nimkumbuke mama yule siyo mhuri. Ni swali lake. Kila niliporudisha kitabu alikifungua, akapeperusha kurasa, akaniangalia juu ya miwani na kusema, “Hiki umekisoma, au ulikipeleka matembezi?” Ukijibu umekisoma, anauliza la pili: “Nani ndani yake umempenda, na kwa nini?” Ukishindwa hakugombezi. Anaingia katikati ya rafu na kurudi na kitabu chembamba zaidi, au chenye picha zaidi, au chenye simba ndani yake, maana alikwisha jua kwamba mimi kwa simba sipiti. Ndugu msikilizaji, miaka mingi baadaye nilikwenda chuoni kuchukua stashahada ya uandishi wa habari, na walimu wakatufundisha kwa bidii namna ya kuuliza maswali. Niliwasikiliza kwa heshima zote. Lakini moyoni nilijua kwamba bingwa wa kazi ile nilikwisha mwona, na alikuwa na miwani yenye kamba.

Sasa tuseme kidogo juu ya elimu ya watu hawa, maana wengi tunadhani kazi ya mkutubi ni kukaa na kusema “shhh”. Ukiingia maktaba utaona kila kitabu kina namba mgongoni. Namba zile hazikuwekwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1876 kijana mmoja wa Marekani aitwaye Melvil Dewey, mwenye umri wa miaka 24, alichapisha kijitabu cha kurasa 44 ambamo aligawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu likagawanyika tena na tena. Bwana huyu alichukia upotevu wa aina yoyote. Hata jina lake, ambalo wazazi walimpa kwa herufi nane, aliona ni refu mno, akakata herufi mbili za mwisho.

Mpango wake ndio unaotumika mpaka leo katika maktaba nyingi duniani, zikiwamo zetu. Na ukiujua utacheka. Chukua kuku. Kuku akiwa hai, anadonoa uani, utamkuta namba 636, kwenye ufugaji. Akishachinjwa na kuingia jikoni anahamia 641, kwenye mapishi. Akiwa katika hadithi za bibi, anayemdanganya mwewe habari za wembe, yuko 398, pamoja na sungura na fisi. Kuku mmoja, makazi matatu, na mkutubi anayajua yote. Lugha yetu ya Kiswahili inakaa 496, na historia ya nchi yetu 967. Ndoa na familia ni 306. Mizimu na nyota za bahati ni 133. Nimewahi kumwona bwana mmoja nadhifu, amevaa tai, akisimama kwa muda mrefu mbele ya 306, akitazama huku na huku, kisha akateremka taratibu mpaka 133. Nikajua nyumbani kumekuwa kugumu. Mkutubi pia alimwona. Lakini mkutubi aliinamia kadi zake kana kwamba hajaona kitu.

Hapo, msikilizaji, ndipo vijana wa studio yetu hunikatiza. Wao hunipenda na kuniheshimu, lakini hunionea huruma. Husema, “Mzee, maktaba ya nini siku hizi? Dunia nzima iko kwenye simu.” Sibishani nao sana. Simu ninayo, na naitumia. Lakini nataka niwasimulie, na wewe nikusimulie, jambo nililoliona kwa macho yangu miaka michache iliyopita.

Siku hiyo nilikwenda katika maktaba moja inayotunza magazeti ya zamani. Shughuli yangu ilikuwa ya kipuuzi. Studio palikuwa na ubishi kuhusu matokeo ya mechi moja ya zamani, simu tatu zilitoa majibu matatu, na kila mwenye simu aliapa kwamba yake ndiyo kweli. Nikaamua kwenda kwenye gazeti la siku ile. Nikakaa katika chumba cha magazeti, chafya moja kila ukurasa wa tatu, kwa sababu ya vumbi.

Mara akaingia mama mtu mzima, amejitanda khanga, mfuko wa plastiki mkononi. Mkutubi alikuwa kijana wa kiume, hajafika miaka thelathini. Akasimama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Nimeambiwa hapa yapo magazeti ya zamani. Nataka tangazo.”

“Tangazo la nini, mama?”

“La mirathi. La mume wangu.”

“La mwaka gani?”

Yule mama akatikisa kichwa. Mwaka haukumbuki. Gazeti lenyewe jina halikumbuki. Alikuwa na kipande alichokikata akakiweka sandukuni, lakini mchwa walikula sanduku na kilichomo. Mimi niliyekuwa nikisikiliza, na sikio la mwandishi wa habari halina adabu, nikasema moyoni, basi, shughuli imekwisha. Magazeti ya miaka mingi, kila siku gazeti, kila gazeti matangazo. Ni sawa na kutafuta punje ya mchele uliyoiangusha Kariakoo.

Lakini yule kijana hakusema haiwezekani. Alivuta kiti, akamkalisha mama, naye akaketi. Kisha akaanza kuuliza.

“Watoto wako walikuwa wakubwa, mama?”

“Wa mwisho nilikuwa nambeba mgongoni. Mkubwa alikuwa anasoma.”

“Kulikuwa na jua au mvua?”

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. “Mvua baba? Ilikuwa ile ya El Nino. Mahakamani nilikwenda viatu nimeshika mkononi.”

“Mvua ile ilianza vuli ya mwaka 1997, ikaingia na mwaka 1998,” kijana akasema, akiandika. “Mlikuwa mmekwisha funga Ramadhani au bado?”

“Tulikuwa tumekwisha kula Idi. Nakumbuka maana Idi ile ndiyo ya kwanza bila yeye.”

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema taratibu, “Idi ya mwaka huo ilikuwa mwishoni mwa Januari. Basi tutaanzia Februari 1998. Na kipande chenyewe, mama, ulipokikata, upande wa pili kulikuwa na nini?”

Hapo mimi niliacha kalamu. Nani angefikiria kuuliza swali kama hilo? Mama akafumba macho. Akasema upande wa pili palikuwa na mpira. Anakumbuka kwa sababu mwanawe mkubwa alitaka kuikata picha ya mchezaji ili aibandike ukutani, naye akamkatalia, kwani angeikata picha angelikata na jina la baba yake.

Basi kazi ikapungua. Badala ya kupekua kila ukurasa wa kila gazeti, yule kijana alikwenda kwenye kurasa zilizopigana mgongo na kurasa za michezo. Aliyaleta magazeti yaliyojalidiwa, mazito kama matofali, mawili mawili, akiyakumbatia kifuani. Siku ya kwanza hawakupata kitu. Siku ya pili mimi sikuwa na sababu yoyote ya kurudi maktaba, maana ubishi wa mpira nilikwisha umaliza, na kwa taarifa yako simu zote tatu zilikosea. Hata hivyo nilirudi. Nilishindwa kukaa studio.

Kabla ya adhuhuri kijana aliweka kidole juu ya ukurasa. Hakusema kitu. Alimsogezea mama kitabu kile cha magazeti. Tangazo lilikuwa dogo, upana wa vidole viwili, kati ya tangazo la kupotea kwa stakabadhi na tangazo la kuuza mashine ya kusaga. Mama akalisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye jina la marehemu mume wake akalitaja. Alilitaja lote, majina matatu, kwa sauti kubwa, katikati ya maktaba. Watu wakageuka.

Mkutubi hakumwambia kimya.

Sasa mimi, kwa tabia mbaya ya kazi yangu, mama alipokwenda kunakilishiwa ukurasa ule nilimfuata kijana kaunta. Nikamwuliza, “Bwana, yule mama anatafuta nini hasa?”

“Anatafuta gazeti.”

“Gazeti la habari gani?”

“La zamani.”

Nikajaribu mlango wa tatu. “Lakini ana matatizo gani?”

Kijana akaniangalia kwa upole, akauliza, “Na wewe kaka, wiki iliyopita ulipotafuta kile kitabu ulichokitafuta, ungependa nimweleze nani?”

Nilirudi kwenye kiti changu mkia katikati ya miguu. Kitabu chenyewe, msikilizaji, sitakitaja hata leo.

Habari niliipata nje, kwa mama mwenyewe, kwenye ngazi, akisubiri mvua ipungue ili akapande daladala. Alinisimulia na akaniruhusu niisimulie mradi nisimtaje jina. Kiwanja alichoachiwa na mumewe kilikuwa zamani ni pori la vyura. Barabara ilipowekwa lami, pori likageuka dhahabu, na mpwa wa marehemu akajitokeza kudai kwamba ukoo haukuarifiwa habari za mirathi, mama alijiteua mwenyewe kwa siri. Faili la mahakamani la miaka ile lilikuwa bado halijaonekana. Mwanasheria kijana aliyekuwa akimsaidia alimwambia, mama, kama lilitolewa tangazo gazetini, tulete. Ndiyo maana alikuja. Wiki chache baadaye alinipigia simu. Mpwa alipoonyeshwa nakala ile, yenye tarehe juu na mhuri wa maktaba chini, aliomba wakazungumze nyumbani mbele ya wazee. Wakazungumza. Mama yumo ndani ya nyumba yake.

Sasa nawarudia vijana wangu wa studio. Simu ni kitu kizuri, lakini simu hujibu kile ulichouliza. Ukiuliza vibaya itakujibu vibaya, tena haraka. Yule mama hakuwa na swali la kuandika kwenye simu. Hakuwa na mwaka wala jina la gazeti. Alikuwa na mvua, Idi, mtoto mgongoni na picha ya mchezaji. Ilihitajika akili ya binadamu aliyefunzwa, tena mwenye subira, akae naye mpaka vitu hivyo vinne viwe swali. Mhindi mmoja aitwaye Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mkutubi huko Madras, alitunga kanuni tano za kazi hii, akazichapisha mwaka 1931. Mojawapo inadai kwamba maktaba iokoe muda wa msomaji. Kijana wetu aliokoa zaidi ya muda.

Na wakutubi wetu hawaishii kwenye kiti. Mwaka 1996 jirani zetu wa Kenya, huko Garissa, waliona kwamba wafugaji wanaohamahama hawawezi kuja maktaba. Basi wakapakia vitabu juu ya ngamia, ngamia mwingine akabeba hema, na maktaba ikawafuata wasomaji jangwani. Fikiria mkutubi anayemwomba ngamia anyamaze!

Hapa kwetu, sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Ule ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa na mahitaji mengi sana, na bado mtu aliona ni halali kwa sikukuu kubwa ya taifa kufungua mlango wa nyumba ya vitabu. Pita leo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed uingie ndani. Utakuta wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, ambao nyumbani kwao chumba ni kimoja na redio ni mbili. Utakuta wazee waliostaafu wakisoma magazeti kwa zamu, na anayesubiri zamu hukohoa kidogo tu, kwa heshima. Utamkuta na mmoja amelala, kitabu wazi kifuani. Mwacheni. Katika mji huu wa kununua kila kitu, ni wapi pengine utakaa kivulini tangu asubuhi hadi jioni bila mhudumu kuja kukuuliza, “Bosi, nikuletee nini?”

Wakutubi hawa hawana ving'ora. Hawaandamani na wapambe. Sijapata kusikia ukumbi umekodiwa kumpongeza mkutubi kwa sababu mtu fulani alipata tangazo lake. Bajeti zikipunguzwa, rafu zao ndizo za kwanza kuona vumbi, na wao huendelea kupanga, kugonga mhuri na kunyamaza juu ya yale wanayoyajua kuhusu sisi.

Mazungumzo haya, kama kawaida, yatachapishwa gazetini wiki hii. Wewe utakayeyasoma huko najua utakachofanya ukimaliza. Kesho kutwa sura yangu itafungia karanga, au itatandikwa chini ya kabati. Sina kinyongo, gazeti ni mali yako. Lakini sheria ya nchi inawataka wachapishaji wapeleke nakala za kazi zao Maktaba ya Taifa. Kwa hiyo nakala moja itakwenda huko, itajalidiwa na kuwekwa kwenye rafu yenye giza, pamoja na matangazo yake yote madogo ya mirathi, stakabadhi zilizopotea na mashine za kusaga. Na miaka 25 ijayo atakuja mtu, hakumbuki mwaka, hakumbuki gazeti, anakumbuka tu kwamba siku hiyo kulikuwa na jua kali na mtoto anaota meno. Namwombea amkute mtu nyuma ya kaunta atakayevuta kiti na kumwuliza, “Na upande wa pili, mama, kulikuwa na nini?”

Wiki hii ukipita karibu na maktaba, ingia. Kama unacho kitabu chao ulichokificha tangu ukiwa shule, kirudishe, utubu. Na ukimaliza, mwambie mkutubi asante.

Lakini useme polepole. Kwaheri mpaka wiki ijayo. Sasa unaweza kuongeza sauti ya redio yako.